Mwaka Mama Alipokaa Eda na Wageni

Mwezi uliopita, mimi Rukia, mtu mzima mwenye mvi na miwani ya kusomea, nilifanya ujinga ambao hata mtoto wa madrasa hangeufanya: nilipasua karatasi ya zawadi mbele za wanaume bila kuichungulia kwanza. Zawadi yenyewe aliniletea Klara, mzungu aliyekaa kwetu Shella, si ile ya Lamu, zamani, sote wawili tukiwa ndio kwanza tumemaliza shule, na ambaye sasa alikuwa amerudi kwa sababu amesikia mamangu amefariki. Nilikuwa nimejigamba mtaa mzima kwamba mgeni wangu anakuja. Nilipika pilau ya kulisha harusi, nikawaita majirani, wanawake ndani, wanaume barazani, kisha, ili kila mtu aone kuwa na mimi nina rafiki ng'ambo, nikatoka na kile kifurushi hadi mlangoni, pale wote wanaponiona, nikakichana. Ilikuwa ni picha kubwa iliyotiwa fremu. Ndani yake alikuwa mamangu, kichwa wazi, nywele mbichi zimemwagika mabegani, anageuka kama mtu aliyesikia kishindo. Wanaume wa baraza nzima walimwona kabla yangu. Mzee mmoja akainamisha uso, akasema astaghfirullahi kwa sauti ndogo. Kijana wa duka la simu akauliza, kwa adabu kabisa, huyo ni nani.

Huyo ni nani. Ningemjibu hapo ningetukana, na mimi sikulelewa kutukana mlangoni. Niliingia ndani na picha nimeikumbatia tumboni kama mwizi wa kuku, na wageni wangu wakaendelea kula pilau. Tangu siku ile nimekuwa nikiosha vyombo kwa kishindo. Nimevunja sahani mbili za Mama, za maua, alizokuwa akizitoa sikukuu tu. Watu wakiniuliza nina nini, nawaambia shinikizo la damu. Ukweli ni kwamba mwaka mmoja wa ujana wangu, ambao nilidhani nimeukunja na kuuweka chini ya sanduku, umefunguliwa tena, na nauona vile vile ulivyokuwa, na harufu yake.

Mwaka ule Klara alikuwa na mwaka wenye jina. Kwao waliuita mwaka wa mapumziko: umemaliza shule, hujaingia chuo kikuu, basi unazunguka dunia kwa kundi, unalala majumbani mwa watu, unajitolea. Mimi pia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijaingia chuo, ila mwaka wangu hakuna aliyeupa jina. Uliitwa kukaa nyumbani. Yeye alijitolea kuwafundisha watoto wa chekechea rangi na nambari, hajawahi kusomea, na akapigiwa makofi. Mimi nilijitolea kukuna nazi, kufua, kukosha uani na kumtazama Mama, na sikumbuki aliyepiga makofi. Sisemi kwamba nilikuwa natamani kuzunguka dunia. Hata leo nikivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui kwa shangazi naanza kuuliza tunarudi saa ngapi. Nasema tu kwamba tulikuwa wasichana wawili wa umri mmoja, hatuna kazi sote wawili, chini ya paa moja, na mmoja tu ndiye aliyeitwa jasiri.

Babangu alikufa mwanzoni mwa mwaka, ghafla, na kabla hajafa alikuwa amekubali kupokea wageni wa lile shirika. Aliyekuja kumshawishi ni Nassoro, mratibu wao hapa mjini, mtu wa kunukia vizuri na mwenye kucheka kabla hujasema la kuchekesha. Tulidhani baada ya maziko jambo limekwisha. Nassoro alikuja na rambirambi zake, akala, akalia machozi ya kweli nadhani, halafu akamwambia Ami Bakari, ndugu wa marehemu, kwamba wageni wako njiani tayari na marehemu alikuwa ametoa neno. Ami Bakari alikuwa na udhaifu mmoja, naye ni kuambiwa kitu na mtu aliyevaa saa nzuri. Mama tayari alikuwa ndani, amevaa nyeupe, amekaa eda: miezi minne na siku kumi ya mjane, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu yake. Alisikiliza yote nyuma ya pazia, kisha akasema neno la mumewe hatalivunja. Akaweka sharti. Wageni wawe wa kike. Mwanamume asivuke baraza. Nassoro akaitikia kila sharti kwa hewala, bila kuvuta pumzi katikati, na mimi nikajua pale pale hajasikia hata moja.

Alirudi kukagua nyumba. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na nakiri ilikuwa chuki ya raha. Alisimama jikoni akalitazama jiko letu la gesi kwa huzuni kama aliyeona maiti. Akatazama friji. Akasema wageni hawa wamekuja kuona maisha halisi ya Waswahili, sasa wakikuta friji watajisikia wamedanganywa. Nikamuuliza sisi tunaotumia friji ni Waswahili wa bandia au vipi. Akacheka, akasema, "Rukia, binti yangu, maskini kidogo tu. Kidogo." Basi gesi ikasukumwa stoo, nikaanza kupika kwa makaa uani machozi yakinitoka, na friji, kwa vile haikuwa na pa kufichwa, ikaingizwa chumbani kwa Mama, ambako hakuna mgeni angechungulia. Mamangu akakaa eda na friji. Ilinguruma pembeni mwa kitanda chake mchana kutwa, na kila jirani aliyekuja kumliwaza alitoka na barafu. Mama mwenyewe alifanya mzaha, akasema babako alikuwa akikoroma hivi hivi, basi wamenipa mbadala. Nilicheka hadi nikakaa chini. Sasa nikikumbuka sicheki. Mjane amepewa kitu cha kuficha ndani ya chumba cha msiba ili watoto wa watu wengine wafurahie umaskini wetu.

Klara alifika na mwenzake, ambaye hakuweza joto na akahamishiwa hoteli kabla hajajua choo kiko wapi. Klara alibaki. Nitamtendea haki: alikuwa mtu mzuri. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningekwisha kumsahau. Alikula kila kitu, samaki kwa kichwa chake, mbaazi za nazi asubuhi na mahamri hadi akashiba na kulegea. Alitaka kujua. Alikaa kwenye mbuzi ya nazi akajikata vidole, akacheka, akajifunga kitambaa akaendelea. Mama alimpenda. Alikuwa akiingia chumbani, maana ni mwanamke, anakaa kitako kwenye mkeka karibu na ile friji, na Kiswahili chake cha kuokoteza, na Mama anamfundisha kusuka ukili. Alimwita Mama, bila kuongeza jina, kama ninavyomwita mimi. Mwanzoni nilihisi wivu nikajidai ni kiungulia.

Kwetu, hodi si mlio tu wa mdomo. Mwanamume hupiga hodi akiwa bado mbali, husimama, na ndani huwa na shughuli nzima: leso zinavutwa, mitandio inatafutwa, mtu anapita upande wa pili, ndipo anaambiwa karibu. Hata mwanamke wa nje hupiga hodi. Asiyepiga hodi ni mtu wa nyumba, kwa sababu nyumba haina cha kumficha. Klara alijifunza hodi siku ya kwanza, akaipiga kwa bidii, akaipiga hata akitoka msalani kurudi uani, mpaka Mama akachoka. Siku moja akamshika mkono akamwambia, "Wewe mwanangu. Usipige hodi tena." Nilikuwepo. Niliona uso wa Klara ulivyowaka. Nadhani kwake ile ilikuwa kama cheti. Aliwasimulia wenzake wote, na jioni ile alipoingia kwa mlango wa nyuma aliingia kimya, kwa madaha, akatutazama kuona kama tumeona.

Wenzake walikuwa kundi, wavulana kwa wasichana, wamegawanywa kwenye majumba ya mjini. Asubuhi walikwenda shule ya chekechea kupaka ukuta rangi. Ukuta ule ulikuwa umepakwa na kundi lililopita, na kabla ya hapo na jingine, kiasi kwamba ukiukwaruza kwa ukucha yalitoka matabaka kama keki. Mwalimu wa pale, ambaye mimi nilikuwa naomba siku moja niwe kama yeye, aliwatoa watoto nje kwenye jua kila kundi lilipokuja, ili rangi ikauke. Jioni kulikuwa na ratiba ya utamaduni: leo ngoma, kesho hina, keshokutwa mapishi. Na Nassoro, aliyeishiwa na utamaduni mapema, akagundua kwamba nyumba moja ina mjane aliyekaa eda.

Alikuja kuomba kwanza, hilo nalo niseme. Alitaka kundi zima lije, likae ukumbini, Mama atoke na mavazi yake meupe, aeleze. Mama akamjibu kupitia kwangu kwamba yeye si ngoma. Maneno yake yalikuwa hayo tu, na nilimpelekea Nassoro barazani bila kuyapunguza. Akacheka. Halafu nikawa uani napepea makaa, nikamsikia yuko na Ami Bakari upande wa pili wa ukuta, wanazungumza kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Nassoro akasema vijana wameshaambiwa, watavunjika moyo. Ami akasema mke wa ndugu yangu ni mkaidi tangu zamani. Vikombe vikagongana. Kisha Ami, huyo huyo aliyemzika kaka yake kwa mikono yake, akasema, "Wakishaingia atafanyaje?"

Nilikwenda moja kwa moja nikamwambia Mama. Hakushtuka. Alisema hawathubutu, maana mlango wa mbele unapita barazani kwa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na mwanamume wa kumpita Bi Mwanahawa bila kuulizwa ukoo wake hajazaliwa. Ilikuwa kweli. Tulicheka. Hatukuufikiria mlango wa nyuma, wa kichochoroni, kwa sababu mlango ule tulimwachia mtu mmoja tu wazi, komeo limetolewa, naye alikuwa mtoto wa nyumba.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati ambao uani palikuwa petu. Mama alikuwa amekoga, ameosha nywele kwa maji matupu bila mafuta wala manukato, na ametoka kuzianika juani huku akipembua mchele kwenye ungo. Nywele zake zilikuwa nyingi. Watu walijua kwa kusikia tu. Mimi nilikuwa nimechutama kwenye jiko, mgongo kwa mlango. Sikusikia hodi kwa sababu haikupigwa. Nilisikia mlango, nikasikia viatu vingi, na nilipogeuka uani kulikuwa na wavulana. Warefu, wekundu kwa jua, wanatabasamu. Klara yuko mbele yao amenyoosha mkono kama mwenye nyumba, anasema karibuni, karibuni, kwa Kiswahili tulichomfundisha sisi. Mvulana mmoja tayari alikuwa ameinua kamera. Nassoro alikuwa nyuma kabisa, kichochoroni, na hakuingia. Yeye aliijua adabu.

Mama hakupiga kelele. Alitazama kulia, akatazama kushoto, leso yake iko kwenye kamba mbali. Akachukua ule ungo akajifunika nao kichwa. Mchele wote ukammwagikia, kwenye nywele, mabegani, chini. Akasimama hivyo, mamangu, ameshika ungo kichwani kwa mikono miwili, mchele unadondoka, akaingia ndani kinyumenyume kwa sababu hakutaka kuwapa mgongo, na hakutaka kuwapa uso. Nikasikia funguo. Baadhi ya vijana wakadhani ni mila, wakapiga makofi.

Niliwatoa kwa mwiko wa moto. Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyowahi kuwa na sura ya kutisha, na sikupata hata nafasi ya kujitazama. Klara alibaki katikati ya uani akilia, anasema Nassoro aliwaambia Mama amekubali, anasema kwani yeye si aliambiwa asipige hodi. Nilimwelewa. Hata wakati ule nilimwelewa, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Jioni alikwenda mlangoni kwa Mama akabisha hodi, mara nyingi, na Mama hakuitika. Kesho yake alihamishwa. Shirika likatuma shada la maua na kikapu cha matunda. Maua tuliwapa mbuzi.

Basi Mama akaanza upya. Siku zake zilikuwa zimebaki chache, kina mama walikuwa wameshapanga siku ya kumtoa, na yeye akasema atakaa tena tangu mwanzo. Alisema ile aliyokaa haihesabiki. Sheikh akamtumia ujumbe mzuri sana, kwamba hakuna kilichoharibika, yeye hakukosa, na eda haiongezwi. Mama akajibu kwa heshima kwamba eda anajua imekwisha siku yake ikifika, hii si eda, yeye anakaa tu. Wamwache akae. Alikuwa anamdai nani, sijui. Nafikiri alihisi kwamba kitu cha mwisho alichokuwa amebaki nacho cha kumpa babangu, kukaa kule kwa utulivu na kwa sitara, kimechukuliwa kikaguswaguswa na watu na kurudishwa kimechafuka, na hakuwa na kingine. Sasa hakutoka hata uani. Friji niliirudisha jikoni, na kile chumba kikawa kimya mno. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa chekechea Mombasa. Barua ilikaa juu ya kabati hadi muda ukapita, maana nani angemwacha. Na nisijitie usafi: nusu ya moyo wangu ilishukuru. Sikuwahi kulala kitanda kisicho changu. Lakini ile nusu nyingine ilitaka kwenda, na hakuna aliyeiuliza.

Alitoka siku za kukaa kwake mara ya pili zilipotimia. Bi Mwanahawa na wenzake walimkogesha, wakamvisha leso mpya, wakafukiza udi, na Mama akaenda mwenyewe hadi mlango wa nyuma akaufungua, akasimama kichochoroni, akasema kumbe kumekuwa na jua hivi. Baada ya hapo aliishi miaka mingi. Alikwenda harusi, alikwenda Lamu kwa jamaa, alikwenda Makka. Neno la siku ile hakulitaja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilitaja, kwenye sinia, kwenye karai la nguo, kwa Nassoro kila nilipomwona hadi akawa anavuka barabara.

Na picha tulikuwa hatujui kama ipo. Hilo ndilo Klara alilonieleza mwezi uliopita, wageni walipokwisha kuondoka, tumekaa ukumbini mimi na yeye, na Bi Mwanahawa kwenye kiti chake akichagua nyama kwenye pilau iliyobaki. Klara ana mvi kama mimi. Siku hizi yeye ndiye kiongozi wa makundi ya vijana pale shirikani. Alisema yule mvulana alimpa picha, naye akaitundika sebuleni kwake, na watoto wake wamekua wakiitazama. Alisema picha hiyo iko pia ofisini kwa shirika, na kwenye mabango yao, na kwenye mtandao, chini yake pameandikwa kwamba huyu ni Mama na nyumba yake ni nyumba yako. Alisema haya kwa upole, kama mtu anayekupa habari njema za jamaa yako. Alidhani ni heshima. Kisha akaniambia ana vijana wawili wanaokuja, wazuri sana, na angependa wakae nyumba ile ile aliyokaa yeye.

Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya sufuria. Yote yakaniruka. Nikamuuliza tu kama anaiona ile sura, kama kweli ameitazama kila siku na hajaona ni sura ya mtu anayetafuta leso. Akasema, alikuwa mzuri sana, Rukia, ni nywele tu.

Nikamwambia, "Nywele hizo alikuwa akiziona babangu."

Uso ukamgeuka, taratibu, na nikajua imefika. Sikumwonea huruma. Nikamwambia picha hii haitoki humu, na zile nyingine zote, bangoni, ofisini, mtandaoni, nyumbani kwake, zishuke, na wakati zinaposhuka ajue si hisani ananifanyia. Vijana wake awatafutie pengine. Alisema atazishusha. Labda atazishusha. Aliondoka kwa mlango wa mbele, na sikumsindikiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mgeni.

Nikarudi jikoni, nikaanza tena na vyombo. Bi Mwanahawa akanifuata na sahani yake, akaegemea mlango wa uani, na mimi nikammwagia yote: Nassoro, Ami Bakari, wale waliopiga makofi, ukuta wa chekechea, barua ya Mombasa, kwamba wamenikalisha ndani ujana wangu mzima, kwamba tangu leo mlango huu haufunguliwi mtu. Alinisikiliza hadi mwisho. Ni mkongwe sasa, na hana haraka ya kumeza. Akalamba vidole, akaweka sahani juu ya zangu chafu, akaniambia:

"Mamako alikaa mara mbili, na mara zote mbili alitoka. Wewe huna hata mume wa kukufia, na mpaka leo uko ndani."